Mrao, Gumegume na Fataki: Majina ya Bunduki za Kushindilia na Historia ya Mwambao wa Ziwa Viktoria

1. Utangulizi

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wengi ambao burudani yao ni kufufua bunduki za kale. Huzipata zikiwa zimeliwa na kutu, huzisafisha, huzitengenezea vitako vilivyooza, kisha hukutana viwanjani kulenga shabaha kwa baruti ileile ya moshi iliyotumiwa na wahenga wao. Tangu 1971 wana hata mashindano ya kimataifa. Huku Kisumu hatuna desturi hiyo, na nchini Kenya silaha ya moto haimilikiwi bila cheti chini ya Sura ya 114 ya sheria. Hata hivyo, tunacho kitu kilichotokana na bunduki hizo ambacho nacho chahitaji kufufuliwa kabla hakijaliwa na kutu: majina yake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majina ya bunduki za kale katika Kiswahili si visawe, kama yanavyochukuliwa mara nyingi siku hizi, bali kila moja lina maana yake mahususi. Tukiyachanganya, twapoteza ushahidi juu ya historia ya watu wa mwambao wa ziwa.

2. Namna mbili za kuainisha

Waswahili waliziainisha bunduki kwa namna mbili. Namna ya kwanza yahusu jinsi ya kuzijaza. Bunduki iliyojazwa kwa mdomo wa mtutu iliitwa gobori au korofindo. Mpigaji alimimina kiasi cha baruti, akatia risasi au marisaa, kisha akashindilia yote kwa mdeki, yaani ule ufito mrefu uliochukuliwa chini ya mtutu. Kitenzi "shindilia" chabeba kazi hiyo yote.

Namna ya pili yahusu jinsi moto unavyoifikia baruti, na hapa ndipo penye utajiri. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa kamba iliyofuka moto polepole. Hiyo ndiyo kongwe kuliko zote. Huko Oman bunduki ya aina hiyo huitwa "abu fatila", yaani yenye utambi. Ni dhahiri kwamba Waarabu na Waswahili walitumia kanuni moja ya kutoa majina. Bunduki ya gumegume ilitumia jiwe gumu lililopiga chuma na kutoa cheche, nazo zikaangukia penye kifa, mahali pa kupokelea moto ubavuni mwa mtutu. Bunduki ya fataki ilitumia kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka, kilichovikwa juu ya kifa na kugongwa na nyundo ya mtambo.

Basi, gobori laweza kuwa la gumegume au la fataki. Kusema kwamba gobori, korofindo na gumegume ni "bunduki ya kizamani" tu ni kama kusema kwamba jahazi, mtepe na ngalawa ni "chombo cha majini". Si uongo, lakini hakumfai mtafiti. Wanakamusi wa zamani, akiwemo Madan katika 1903 na Johnson katika 1939, walizijua tofauti hizi kwa sababu waliishi karibu na wakati ambapo bunduki zenyewe zilikuwa zingali mikononi mwa watu.

Maneno mengine ya fani hii yamebaki katika lugha ya kila siku, ila yamehama maana. Baruti ya moshi ilichanganywa kwa kadiri ya sehemu 75 za shura, 15 za makaa na 10 za kiberiti. Kiberiti hicho, neno la asili ya Kiarabu, kilikuwa ni ile dawa ya manjano yenye harufu kali. Leo sisi twakijua kama njiti za kuwashia moto. Fataki imekuwa mchezo wa sikukuu. Risasi, ambayo asili yake ni jina la madini, imekuwa kila kitokacho katika mtutu. Gumegume nalo limegeuka kuwa tusi kwa mwanamume asiyefaa kitu. Haishangazi: bunduki iliyokataa kulia wakati wa haja ilistahili kudharauliwa.

3. Safari ya kwenda ziwani

Bunduki nyingi zilizofika bara zilikuwa zimekwisha kupitwa na wakati huko zilikotoka. Jeshi la Uingereza liliacha gumegume na kushika fataki karibu na 1840, likashika bunduki za kutia risasi nyuma katika miaka ya 1860. Kila mara majeshi ya Ulaya yalipobadili silaha, zile kuukuu zilitafutiwa soko Afrika. Katika 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia kila mwaka.

Njia ya kwanza ya kufika ziwani ilipita kusini na magharibi. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamefika Buganda kabla ya 1850, na katika 1862 Speke alimpa Kabaka Mutesa bunduki. Njia ya pili ilipita Umasaini hadi Wanga, kwa Nabongo Shiundu na baadaye mwanawe Mumia. Joseph Thomson aliifuata njia hiyo akafika ziwani Desemba 1883.

Lugha yathibitisha kuwako kwa njia zaidi ya moja. Waganda husema "emmundu", Wanyarwanda "imbunda", na Wajaluo "bunde". Maneno haya yote yafanana na "bunduki" iliyokatwa mwisho wake. Kama kila kabila lingalilipokea neno moja kwa moja kutoka kwa Mswahili, tungalitazamia angalau baadhi yao wabakishe silabi ya mwisho. Yaelekea, basi, kwamba neno lilipita kutoka jirani hadi jirani kandokando ya ziwa. Kwa upande mwingine Wagikuyu husema "mũcinga", neno linalolingana na "mzinga" wa Kiswahili. Mashariki ya Bonde la Ufa, jina lilikuwa lingine.

4. Bunduki gani?

Umuhimu wa jambo hili waonekana tunaposoma habari za vita. Katika 1895 serikali ya Waingereza, ikiwa na Hobley pale Mumias, iliwashambulia Wabukusu katika ngome za Lumboka na Chetambe. Miongoni mwa sababu za vita lilikuwa dai la kwamba Wabukusu warudishe bunduki walizozipata. Wabukusu walishindwa na watu wengi wakafa. Msomaji aambiwapo tu kwamba pande zote mbili zilikuwa na "bunduki", aweza kudhani kwamba upungufu ulikuwa wa ushujaa au wa maarifa.

Lakini bunduki gani? Mwenye gobori la gumegume, hata akiwa hodari, alipiga mara mbili au tatu kwa dakika, tena akiwa amesimama. Mwenye Martini-Henry alipiga mara kumi na zaidi, naye aliweza kulala chini. Tena baruti ya moshi hunyonya unyevu, na mvua za nchi zilizo jirani na ziwa si haba. Hata wakubwa wa Ulaya waliijua tofauti hii vema: Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizitenga bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, na silaha za kisasa zilizokatazwa kwa ukali zaidi. Kwa maneno mengine, Mwafrika aliweza kuachiwa gumegume kwa sababu haikuwa tishio. Mfasiri wa masimulizi ya wazee anayeandika "bunduki" kila mahali afuta mpaka ambao wakoloni wenyewe waliuandika katika sheria.

5. Hitimisho

Fundi mzuri wa bunduki za kale haanzi kwa kupaka rangi. Kwanza huhakikisha kwamba mtutu hauna baruti iliyosahauliwa ndani, kisha huondoa kutu bila kufuta alama ya yule aliyeifua. Yatupasa sisi nasi tufanye vivyo hivyo. Kabla ya kubuni istilahi mpya za silaha za kale, tuyarudie maneno tuliyo nayo, tuyafafanue kwa kazi zake, na tuwaulize wazee wa Mumias, wa Kisumu na wa visiwani walisikia majina gani kwa baba zao. Mtafiti anayerekodi masimulizi asitosheke na neno "bunduki"; aulize ilijazwaje, na iliwashwa kwa nini. Majibu ya maswali hayo mawili yatatuambia ni nani aliyekuwa na nguvu gani, na tangu lini.