Mafunzo ya ufundi Kaskazini Mashariki: Nafasi ya utafiti na viwanda

Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ambazo hadi 2013 zilikuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, pampu ya kisima ikiharibika wakati wa kiangazi mifugo huweza kufa kwa kiu ilhali maji yamo ardhini. Fundi akitoka mbali, mfugaji huhesabu hasara kwa siku.

Taasisi kuu ya ufundi katika eneo hilo ni Chuo Anuwai cha Kitaifa cha North Eastern, mjini Garissa, kilichokuwa chuo cha kiufundi cha mkoa kabla ya kupandishwa hadhi. Vyuo anuwai vya vijijini viliwekwa chini ya serikali za kaunti na Katiba ya 2010. Nayo sheria ya mafunzo ya kiufundi ya 2013 iliunda baraza la kuandaa mitaala na kutahini kwa msingi wa umilisi, yaani kile ambacho mwanagenzi anaweza kukitenda, si alichokariri tu.

Umilisi huo hauwezi kukamilika karakanani pekee. Huhitaji utafiti unaoanzia kwenye tatizo la kazini na ambao matokeo yake hurejeshwa kazini. Kituo cha kawi ya jua cha Garissa, kilichozinduliwa Desemba 2019, kina uwezo wa takriban megawati 50 na paneli zaidi ya 200,000. Vumbi hupunguza umeme wa paneli, na joto la paneli likizidi nyuzi 25 za Selsiasi, nguvu hupungua kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi inayoongezeka. Je, paneli zisafishwe mara ngapi mahali penye uhaba wa maji? Hilo ni swali ambalo mkufunzi na wanagenzi wake wanaweza kulijibu kwa vipimo. Ndivyo ilivyo pia kuhusu visima vya Wajir ambavyo maji yake ya chumvi hula mabomba na pampu.

Kikwazo ni uchache wa viwanda vikubwa. Kwa hivyo, washirika wa vyuo hawana budi kujumuisha kampuni za maji, idara za kaunti, wauzaji wa vifaa vya sola, wakulima wanaotumia pampu kando ya Mto Tana na mafundi wa jua kali. Waajiri hutozwa Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA), fedha zinazokusudiwa kugharimia mafunzo.

Ushirikiano wa aina hiyo hufaa uandikwe katika mkataba unaobainisha ni nani atakayemsimamia mwanagenzi, ni vifaa gani atakavyotumia, nani atagharimia bima yake na matokeo ya utafiti yatamfikia nani. Bila hayo, mwanagenzi huishia kutumwa chai ofisini, na siku pampu inapokwama, simu hupigwa Nairobi.