Elimu ya Upasuaji na Dhamana ya Tabibu: Kutoka Kurtuba hadi Kando ya Ziwa Viktoria

Wapo vijana wetu wa Bukoba na Muleba wanaosomea udaktari, wengine ng'ambo ya ziwa kule Mwanza, wengine Moshi au Dar es Salaam. Wakimaliza miaka ya mwanzo ya vitabu huingizwa wodini, na wodi ya upasuaji ndiyo huwatia hofu kuliko zote. Hapo maswali huanza kuwafikia maimamu. Je, mtu aliyepaka mikono dawa yenye kileo anaweza kuswali? Je, kijana wa kiume asimame mbele ya mama anayejifungua? Na mgonjwa akifa, damu yake ni juu ya nani? Maswali haya ni ya zamani kuliko hospitali zetu, na ni vizuri kuyatazama kwa jicho la historia kabla ya kuyatolea hukumu.

Tuanze karibu na nyumbani. Kituo cha Bukoba kiliasisiwa mwaka 1890 na Emin Pasha, tabibu Mjerumani aliyechukua jina la Mehmed Emin. Miongoni mwa rafiki zake alikuwa Mwingereza Robert Felkin, aliyekuja Afrika na wamisionari hali ya kuwa hajahitimu udaktari. Kwa maneno mengine, alikuwa mwanafunzi. Mwaka 1879, akiwa Bunyoro, kaskazini mwa Buhaya, alishuhudia jambo ambalo aliliandika katika jarida la madaktari la Edinburgh mwaka 1884: mama wa miaka kama 20 akipasuliwa tumbo na mafundi wenyeji ili mtoto atolewe.

Msomaji wa Muleba atavitambua vifaa karibu vyote. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, ambayo Wahaya huiita lubisi, mpaka akalewa nusu. Mpasuaji alinawa mikono kwa pombe hiyohiyo, akaosha na tumbo la mama, kisha akasuuza kwa maji. Akapasua mara moja kwenda juu mpaka chini ya kitovu. Kila palipochuruzika damu, msaidizi alipagusa kwa chuma kilichopashwa moto. Mtoto alipotoka, fundi aliuminya mfuko wa uzazi mpaka ukajikaza, akatoa kondo la nyuma, akamgeuza mama ili majimaji yatoke tumboni. Kidonda kilifungwa kwa misumari saba myembamba ya chuma iliyosuguliwa vizuri na kuzungushiwa nyuzi za magome ya mti, kikapakwa dawa ya mizizi na kufunikwa jani la mgomba. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona, na mama na mtoto wote walikuwa hai. Huko Ulaya miaka hiyo akina mama wengi waliopasuliwa namna hii walikufa.

Felkin hakushika kisu. Alitazama, kisha siku zilizofuata akawa anapima joto la mwili na mapigo ya mama na kuandika. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo la kwanza la mwanafunzi wa wodini, na wengi hulidharau kwa kuwa halina fahari. Wagonjwa wengi huharibika siku ya pili na ya tatu baada ya kupasuliwa, pale homa inapopanda usiku na mapigo yanapokwenda mbio, na hakuna aliyeandika.

Ama chuma cha moto, Waislamu walikijua mapema. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Sa'd bin Mu'adh (r.a.) alipopigwa mshale katika mshipa wa mkono siku ya Khandaq, Mtume (s.a.w.) alimchoma mahali pale ili kuzuia damu, na kwamba alimpelekea Ubayy bin Ka'b tabibu, akamkata mshipa kisha akamchoma. Zipo pia hadithi zinazochukiza kuchoma, na wanavyuoni wamezioanisha kwa kusema kuwa kunajuzu pale penye haja. Karne nne baadaye Abul-Qasim az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki karibu na mwaka 404 H (1013), alipoandika kitabu chake cha At-Tasrif chenye juzuu 30, aliifanya juzuu ya mwisho kuwa ya upasuaji na kuigawa milango mitatu: kuchoma, kupasua, na kuunga mifupa. Alichora vifaa karibu 200.

Lakini kabla ya kufundisha lolote, az-Zahrawi anawatisha wanafunzi wake. Anasimulia kuwa alimwona tabibu mjinga akipasua uvimbe katika shingo ya mwanamke. Akakata mishipa, na mwanamke akavuja damu mpaka akaanguka amekufa mbele yake. Sababu anaitaja waziwazi: watu wa zama zake walikuwa wakikata bila kujua maumbile ya mwili. Huyu bwana hakuwa na haja ya kujisifu, na alijua ni wapi mkono unapaswa kusimama. Alipofika kwenye mawe ya kibofu kwa wanawake alikiri uzito wa jambo lenyewe na haya ya mgonjwa, akataka atafutwe mwanamke tabibu aliye hodari. Mafakihi nao wamesema hivyohivyo: mwanamke hutangulizwa akipatikana, na asipopatikana mwanamume hutazama kwa kiasi cha haja tu.

Kuhusu maumivu, wanahistoria wamesimulia kisa cha Urwa bin Zubayr, aliyekatwa mguu baada ya kuoza. Alipewa kinywaji cha kumwondolea akili akakikataa. Wapo wanaokitaja kisa hiki kana kwamba kupigwa sindano ya ganzi ni upungufu wa subira. Sivyo. Ile ilikuwa daraja yake mwenyewe, na tabibu hana ruhusa ya kumlazimisha mwingine aifikie.

Na usafi? Mwaka 1847 huko Vienna, Semmelweis aligundua kuwa wanafunzi wa udaktari ndio waliokuwa wakiwaua wazazi: walitoka kupasua maiti wakaingia moja kwa moja wodi ya uzazi. Alipowalazimisha kunawa kwa maji ya klorini vifo vilishuka sana, na wenzake wakamkebehi. Lubisi, tuseme kweli, ina kileo kidogo mno kulinganisha na dawa ya mikono ya leo. Hata hivyo yule fundi wa Bunyoro alinawa kabla ya kushika kisu. Kwa upande wa hukumu, Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, lilijuzisha mwaka 2002 kutumia kileo nje ya mwili kuulia vijidudu. Mkoa wa Kagera una sababu ya kulichukulia suala hili kwa uzito: wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa hapa, na virusi vya Marburg vilipozuka wilaya ya Bukoba mwaka 2023 viliua watu sita, akiwemo mhudumu wa afya.

Sasa tuje kwenye dhamana. Mwaka 319 H (931) mtu mmjoa alikufa Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru asitibu yeyote mpaka atahiniwe na Sinan bin Thabit, na waliotahiniwa walizidi 860. Msingi wake ni hadithi waliyoipokea Abu Dawud, an-Nasai na Ibn Majah, ambayo maana yake ni kuwa anayejifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana. Ibn al-Qayyim (aliyefariki 751 H) aliwagawa matabibu mafungu matano. Fundi aliyepewa idhini na asivuke mpaka hana dhamana. Mjinga anayo. Fundi ambaye mkono wake umeteleza anayo pia, hata kama hana dhambi. Mwanafunzi ambaye hajaruhusiwa kushika kisu peke yake, akakishika usiku kwa sababu mkubwa wake amelala, ajiulize yuko fungu gani.

Fungu la tano ndilo linalotugusa zaidi: fundi aliyepasua bila idhini. Wengi walimbebesha dhamana, na Ibn al-Qayyim akaona kuna nafasi ya kumwachia kwa kuwa ni mtenda wema. Mama analetwa Rubya au Ndolage, uchungu siku ya pili, mtoto amekwama. Mume yuko kisiwani Goziba kwenye dagaa na simu haipatikani. Ndugu wanasema asubiriwe. Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao chake cha Jidda mwaka 1992, ilipitisha kwamba idhini ni ya mgonjwa mwenyewe akiwa mtu mzima mwenye akili timamu, na kwamba maisha yakiwa hatarini matibabu hayasubiri idhini. Mama huyo akiweka dole gumba kwenye fomu, idhini imepatikana. Asiyeweza hata kuweka dole gumba, anapelekwa chumba cha upasuaji.