"Kofia Ngumu": Kutoka kwa Mpanda Farasi hadi kwa Mwendesha Pikipiki

Ingawa jina lake humkumbusha msomaji maneno "mpanda farasi", Mpanda si mji wa mashindano ya farasi. Mbung'o wa misitu ya Katavi hueneza nagana, maradhi yanayoua farasi upesi. Uwanja mashuhuri wa mchezo huo katika Afrika Mashariki ni ule wa Ngong, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954. Lakini kofia ya mchezo huo inao ndugu yake Mpanda, kichwani mwa mwendesha bodaboda.

Zamani mpanda farasi wa mashindano alivaa kofia laini ya hariri yenye rangi za mwenye farasi. Ilimtambulisha tu, haikumkinga. Huko Uingereza, daktari Eric Gardner alibuni kofia ya turubai iliyofanywa kuwa ngumu, nayo ikalazimishwa katika mashindano ya pikipiki ya kisiwa cha Man mwaka 1914. Katika miaka ya 1920 wapanda farasi wa mbio za kuruka viunzi wakafuata. Mwaka 1941 Hugh Cairns, tabibu wa upasuaji wa ubongo, alichapisha uchunguzi wake juu ya vifo vya waendesha pikipiki, na jeshi likawaamuru matarishi wake wavae kofia hizo.

Kiswahili kilikuwa tayari na neno "chapeo", kutoka Kireno, ila limebaki la vita na la Maandiko. Vijiweni husemwa "helmeti". Katika nyaraka za serikali, "kofia ngumu".

Istilahi hii ya mwisho ni nzuri, lakini ina pengo. Ugumu ni sifa ya gamba tu. Mpanda ilikua kwa mgodi wa risasi wa Uruwira na reli iliyotoka Kaliua, na kofia ya mchimba madini ni ngumu vilevile. Hiyo, hata hivyo, imeundwa kwa jiwe linaloanguka kutoka juu. Ya pikipiki imeundwa kwa kichwa kinachogonga ardhi, ndiyo maana ina bitana nene inayobonyea na ukanda wa kidevuni. Anayeendesha pikipiki na kofia ya mgodini ametii neno, na fuvu lake liko wazi.

Kwa hiyo mfasiri wa kanuni, au karani anayeandika sheria ndogo za halmashauri, aandike "kofia ngumu ya pikipiki", na ukanda wa kidevuni autaje kwa jina.