Cheti cha Mwalimu ni Gharama ya Nani?

Novemba 1974, mjini Musoma, Halmashauri Kuu ya TANU iliazimia kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakutosha. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapa madarasa, na ikawafundisha ualimu wakiwa kazini: kwa masomo ya posta, vipindi vya redio, wakufunzi wa vituo vya karibu na wiki chache chuoni. Zaidi ya 30,000 walihitimu kwa njia hiyo.

Wengi wanaikumbuka UPE kwa kushuka kwa ubora, na lawama hiyo ina msingi. Mimi naona humo pia kanuni tuliyoiacha: dola iliyompa mtu kazi kabla ya cheti iliibeba gharama ya cheti hicho.

Leo zamu ni ya elimu ya awali. Sera ya mwaka 2014 iliifanya kuwa ya lazima. Sheria ya mwaka 2018 ikaunda Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, yenye jukumu la usajili na leseni. Mwalimu wa Kagunga au Mwamgongo, anayefika Kigoma mjini kwa boti, anaweza kusomea shahada kupitia Chuo Kikuu Huria bila kuacha kazi. Lakini ada, nauli na bando mara nyingi hutoka mfukoni mwake.

Nawauliza wapangaji wa bajeti: ikiwa miaka ya 1970 somo lilimfuata mwalimu kijijini, kwa nini leo mwalimu alifuate peke yake ziwani?