Kabla ya Kula Bata Wikiendi Nachingwea na Ruangwa, Kulikuwa na Treni ya Karanga

Nachingwea kuna kata inaitwa Stesheni. Ukifika pale usianze kuulizia treni, maana haipo. Ilishaondoka kitambo, enzi ambazo bibi na babu za vijana wa leo walikuwa bado wanacheza kombolela. Kuna kata nyingine wilaya hiyo hiyo inaitwa Raha Leo. Jina tu linakufanya uanze kupiga pasi shati.

Vijana wengi wa Kusini wanapita kwenye maeneo haya kila wikiendi. Wanapanda Noah, wanaenda kumcheki mshikaji Ruangwa, wanaenda kwenye mechi, wanarudi Jumapili usiku na vumbi hadi kwenye kope. Wanaona ni mambo ya kisasa. Kumbe huu mchezo wa kufunga safari ili kula raha una historia ndefu, na waliouanzisha karibu wote hakuna anayejua majina yao.

Tuanze na hali ya hewa kwanza, maana ndiyo inayopanga ratiba ya bata huku. Wenzetu Ulaya wanasubiri baridi iishe ndio watoke nje. Lindi mambo ni tofauti. Mvua zinaanza mwishoni mwa mwaka na kukata kwenye Aprili au Mei. Baada ya hapo ni kiangazi mpaka Novemba hivi. Barabara zinakauka, mavuno yako ndani, watu wanapumua. Huo ndio msimu wenyewe wa kutembeleana.

Zamani, kabla ya mambo ya mshahara, watu hawakuwa na "wikiendi". Walikuwa na msimu. Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde wa ukanda huu walikuwa wanalima, wanavuna, halafu ndio zinaanza sherehe. Watoto wa kiume wanaingia jando, wa kike wanachezwa unyago, na siku ya kuwatoa ndugu wanatoka vijiji vya mbali kwa miguu. Siku mbili tatu njiani ilikuwa kawaida. Chakula kipo, pombe ipo, ngoma inakesha. Ukikutana na mchumba wako huko, basi ndio ilikuwa hivyo. Haikuwa lazima mtu aulize ni siku gani ya wiki.

Halafu ikaja beni. Hii ngoma ilianzia pwani ya Kenya miaka ya 1890, vijana wa mjini wakiiga bendi za jeshi la wakoloni. Wanavaa sare, wanapeana vyeo, wanashindana kundi kwa kundi nani kapendeza zaidi. Vita Kuu ya Kwanza ikaisambaza bara, kwa sababu askari na wapagazi waliibeba popote walipokwenda. Na Kusini walifika kwelikweli. Oktoba 1917 pale Mahiwa, ndani ya Lindi, Waingereza na Wajerumani walipigana moja ya vita vikali kuliko vyote vya kampeni ya Afrika Mashariki. Waliokufa wengi walikuwa Waafrika waliokuwa wanapigania ugomvi wa watu wengine. Waliopona walirudi vijijini na paredi miguuni. Wakaigeuza ngoma. Unaweza kusema wale ndio walikuwa watoto wa mjini wa kwanza wa huku, watu wa kuvaa, kutoka na kujionyesha.

Sasa tuje kwenye karanga.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Wakubwa wa London wakapiga hesabu: tulime karanga Tanganyika, ekari zaidi ya milioni tatu. Mwaka 1947 kazi ikaanza. Maeneo yaliyochaguliwa yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vifaru vya vita vikabadilishwa kuwa matrekta ya kung'oa visiki. Nachingwea, sehemu iliyokuwa pori na vijiji vichache, ghafla ikaanza kupata barabara, nyumba za wafanyakazi, uwanja wa ndege. Na reli.

Hapa ndipo wikiendi ilipozaliwa, kama ukitaka kuitafutia cheti cha kuzaliwa. Kibarua wa enzi hizo alikuwa anafanya kazi kwa kipande, kadi yenye siku 30 za kazi. Ukifanya kazi siku moja, unawekewa alama. Usipokuja, hakuna alama, hakuna hela. Kwa mara ya kwanza vijana wengi wa huku walijikuta wanahesabu siku: hii ya bwana, hii ya kwangu. Ile ya kwangu ikawa na thamani kubwa. Na mfukoni kulikuwa na senti kidogo za kuitumia.

Wazungu walikuwa na sehemu zao za kunywa na kucheza, na Mwafrika alikuwa haingii humo labda awe anabeba trei. Kwa hiyo vibarua wakajitengenezea raha zao upande wa pili: ngoma, mpira, pombe ya kienyeji, stori za makwao. Kambi ya kazi inachanganya watu wa makabila mengi, na watu hao wakikaa pamoja Jumapili nzima bila kazi, lazima kitu kitokee.

Mwaka 1949 treni ikafika Nachingwea ikitokea upande wa Lindi. Mtwara ikapata bandari yake ya kina kirefu mwaka 1954 na kuunganishwa na reli hiyo, na mwaka 1958 tawi likafika Masasi. Reli ilijengwa kwa ajili ya karanga, lakini fikiria wewe ni kijana wa Nachingwea mwaka 1955. Babu yako alitumia siku kadhaa kutembea mpaka pwani, mzigo kichwani. Wewe unakata tiketi, unakaa dirishani, unaenda kuiona bahari. Ukirudi, kijiji kizima kinakusikiliza wewe tu.

Kichekesho ni kwamba karanga zenyewe zilishagoma. Udongo ulikuwa mgumu, mvua hazikufuata mpango wa London, mashine ziliharibika. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuvunja mpango, na karibu pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu. Reli ikabaki inabeba abiria na mazao, lakini mizigo haikutosha kuilipia gharama. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mara tu baada ya Uhuru, ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Stesheni ikabaki jina.

Vitabu vya huu mpango vipo vingi. Vinahesabu pauni, ekari, matrekta. Havimhesabu yule kibarua aliyejikusanyia kipande chake akanunua suruali ya kwanza. Havimhesabu yule dada aliyekuwa anauza mihogo na karanga za kukaanga kwa abiria. Wale ndio waliopata kitu cha maana kwenye ule mradi: walipata mazoea ya kutoka.

Nachingwea haikukaa tupu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 ikawa kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji. Eneo la kambi linajulikana mpaka leo kama Farm 17, na Samora Machel mwenyewe alifundisha jeshi pale. Hawa walikuwa vijana wa umri wa wasomaji wa hapa, miaka 18, 20, 25, mbali na kwao na hawajui kama watarudi. Nao walikuwa wanacheza ngoma. FRELIMO ilifanya kusudi kabisa kuchanganya ngoma za makabila yote ya Msumbiji, ili mtu wa kusini ajifunze ya mtu wa kaskazini. Raha ilikuwa sehemu ya mapambano. Juni 25, 1975 Msumbiji ikawa huru. Wengine waliocheza pale hawakuiona siku hiyo.

Baada ya hapo Kusini ikawa kimya muda mrefu. Treni hakuna, barabara ni mateso. Kutoka Dar kwenda kwenu Lindi ulikuwa unategemea pantoni ya mto Rufiji, na masika ikikamata, unaweza kulala njiani na kuku wako. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, safari ya kusalimia wazazi ikaacha kuwa kama kwenda vitani.

Ruangwa nayo ikaamka na mpira. Miaka ya 1990 ilipata wilaya yake baada ya kuwa chini ya Nachingwea. Mwaka 2019 Namungo FC, Wauaji wa Kusini, wakapanda Ligi Kuu. Msimu wa kwanza tu wakamaliza nafasi ya nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakafungwa na Simba 2-1 kule Sumbawanga. Mwaka uliofuata wakacheza hatua ya makundi ya Shirikisho Afrika. Simba na Yanga ikabidi waje Ruangwa, wapende wasipende, na Julai 2020 Simba walikabidhiwa kombe lao la ligi pale pale Uwanja wa Majaliwa. Siku za mechi kama hizo watu wanatoka Nachingwea, Masasi, Lindi na Mtwara. Nyumba za wageni zinajaa, mama lishe anaishiwa wali saa nane mchana.

Ukiongeza msimu wa korosho, kuanzia Septemba au Oktoba hivi, hapo ndio balaa. Mabibo yanaanguka, uraka unanukia, minada inaanza, hela zinaingia, na pikipiki mpya zinaonekana kila kona. Wikiendi za miezi hiyo ni mwendelezo wa zile sherehe za baada ya mavuno za mababu, ila sasa kuna spika.

Sasa cheki hesabu hii. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi treni ilipopita mara ya mwisho, leo ana zaidi ya miaka 70. Aliyefanya kazi ya kipande kwenye karanga akiwa kijana, kama bado yupo, anakaribia 100. Hawa watu hawajaandikwa popote. Wakiondoka, tutabaki na zile pauni milioni 36 tu na majina ya kata.

Kwa hiyo wikiendi hii ukienda Nachingwea au Ruangwa, piga picha zako, kula kuku wako, shangilia Namungo wako. Ila kabla hujapanda gari la kurudi, pitia kwa bibi mmoja. Mwamkie vizuri, kaa chini, muulize: "Bibi, wewe treni uliwahi kuipanda? Ulikuwa umevaa nini?" Halafu washa simu urekodi.