Sola au umeme wa TANESCO? Hesabu ya nyumba ya kijijini Karagwe na Kyerwa

Hela ya kahawa ikiingia, familia isiyo na umeme hujiuliza: tununue sola au tusubiri nguzo? Jibu linategemea mambo mawili: nguzo iko umbali gani, na umeme utafanya kazi gani.

Sola si ngeni huku
Mwaka 1993 shirika la KARADEA lilianzisha kituo cha kufundisha mafundi sola Karagwe, wakati vijiji vingi havijaona nguzo. Kwa miaka mingi hata umeme wa gridi mkoani Kagera ulitoka Uganda, kwa laini ya Masaka hadi Kyaka.

Gharama ya kuanza
Kuunganishiwa umeme kijijini ni Sh27,000, kama nyumba iko ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo. Waya za ndani ni juu ya mwenye nyumba. Mwenye vyumba vichache anaweza kufungiwa UMETA, kifaa kinachopunguza kazi ya waya. Sola hulipwa taslimu, au kidogo kidogo kwa simu.

Nguvu
Paneli ya wati 100 ikipata jua kali saa 4 kwa siku, kwa mwezi inatoa kama uniti 12. Zinatosha taa, simu, redio na TV ndogo. Lakini mashine ya kusaga yenye mota ya kilowati 10 inamaliza uniti 10 kwa saa moja tu.

Gharama ya kila mwezi
Kwa bei za EWURA za mwaka 2016, mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa Sh100 kwa uniti, kabla ya tozo. Uniti 12 ni Sh1,200. Jua ni bure, lakini betri si bure: ya asidi ikimalizwa chaji kila usiku inakufa mapema, na kununua nyingine ni hela nyingi kwa mpigo.

Uamuzi
Nguzo ikiwa jirani, vuta umeme. Anayetaka kusaga, kukoboa kahawa au kuchomelea hana njia nyingine rahisi. Nguzo ikiwa mbali, sola ndogo ni bora kuliko kuendelea kununua mafuta ya taa, na usiitupe TANESCO wakifika. Umeme ukikatika usiku, mtoto ataendelea kusoma.