Mchagua Jembe Ndiye Mkulima

Wahenga walinena: mchagua jembe si mkulima. Kwa kijana wa hapa Dodoma anayetaka kuandika riwaya, na mfukoni ana vijisenti tu, msemo huo haufai. Jembe letu ni kompyuta, na historia yaonyesha kwamba kwa miaka mingi wengine ndio waliotuchagulia.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Aliyeihitaji sharti apate kibali maalumu. Enzi hizo mwandishi chipukizi alikuwa na kalamu na daftari, basi.

Mwaka 1991, huko Ufini, mwanafunzi wa miaka 21 aitwaye Linus Torvalds aliandika kiini cha mfumo endeshi, akakigawa bure. Ndiyo Linux hiyo. Na ubure wake si wa bei tu: yeyote ana ruhusa ya kuifungua, kuibadili na kuitafsiri. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitumia ruhusa ya namna hiyo. Wakishirikiana na Waswidi katika mradi wa Kilinux, mwishoni mwa 2004 walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia inayosema Kiswahili.

Kisha kikaja kidude. Mwaka 2007, mwaka uleule Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa, kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa Eee PC: kioo cha inchi 7, uzito chini ya kilo moja, RAM ya MB 512, hifadhi ya GB 4. Ilikuja na Linux, kwa sababu Linux ilienea katika nafasi ile finyu na haikudai leseni. Kampuni nyingine zikaiga. Microsoft kuona hivyo, mwaka 2008 ikairefushia maisha Windows XP kwa ajili ya vimashine hivyo, na Linux ikasukumwa pembeni. Mwaka 2010 ikatoka iPad, na baada ya miaka michache vidude vile vikatoweka madukani.

Tunajifunza nini, vijana wenzangu? Kwamba udogo peke yake ni mtego. Eee PC ile ya kwanza ni ya biti 32, na Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi cha mashine za namna hiyo. Halafu vibonye vyake vilibanana mno. Kurasa 300 utaziandikaje?

Lakini bahati haijatutupa. Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na laptopu nyingi nzima hazikubaliki kwa Windows 11. Wenyewe wanaziona kuukuu. Kwa Linux bado zina nguvu. Tafuta ya inchi 12 hivi, isiyozidi kilo moja na nusu, ya biti 64, RAM GB 4 au zaidi, na betri ya kubadilika, umeme ukikatika sura ya tatu isikatike nayo. Kabla ya kutoa hela, chomeka flashi yenye Linux, iwashe mashine kutokea hapo, ujaribu waifai, sauti na kila kibonye. Muuzaji akigoma, jiondokee.

Mwaka 1974 tuliamuliwa. Leo uamuzi ni wako. Ila ukishalipata jembe, ndugu yangu, usikae kulisifia. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, ingia shamba.